Msikate bahasha za babu



Wiki mbili zilizopita, baada ya mkutano wa likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma wakati wenzake wanaondoka. Alikuwa na kopo la biskuti, lile la bati la zamani, limefungwa kwa kamba. Akaniambia: "Dada, nisaidie. Kuna kijana anapita nyumba kwa nyumba, ananunua noti za Mobutu na timbre za zamani. Ameniambia atanipa franka 500 kwa kila timbre, ila nizikate kwanza, karatasi hazitaki. Watoto wameshaanza kukata."

Nikafungua kopo. Ndani mlikuwa na bahasha 41 na vipande 12 vilivyokatwa kwa mkasi, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Baba mkwe wake alifanya kazi Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, kwenye kampuni ya reli na meli za ziwa iliyoitwa CFL. Kila mwezi au miwili alimwandikia mke wake aliyebaki huku na watoto. Bibi alizitunza barua zote. Mwaka 1996 vita vilipofika, alivuka ziwa na kopo hilo. Nguo aliacha, sufuria aliacha, kopo alibeba. Lilikaa naye kambini upande wa Kigoma miaka yote, likarudi naye Baraka. Sasa bibi haoni vizuri, na mkwe wake anatafuta feza ya shule ya watoto watatu.

Bahasha 41 kwa franka 500 ni franka 20,500. Hesabuni wenyewe kama hiyo inalipa muhula wa mtoto mmoja wa sekondari.

Nilimwambia jambo moja tu jioni ile: mkasi uwekwe juu ya kabati. Kijana yule nilitambua mara moja kwamba hajui anachonunua. Mtu anayeijua kazi ya stempu angesema kinyume chake: usikate, niletee bahasha nzima.

Nayajua haya kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 14, tukiishi Uvira, mwalimu wetu mmoja alikuwa anakusanya stempu. Nikatamani kumfurahisha. Nilichukua barua za marehemu baba yangu, nikazishika juu ya mvuke wa sufuria, nikabandua stempu zote moja moja, na bahasha nikazitia motoni chini ya sufuria ileile. Nilimpelekea mwalimu stempu kama 30 kwenye sahani. Alizitazama akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Na bahasha ziko wapi?" Baadaye alinifundisha mengi, na nitakayoandika hapa mengi yametoka kwake. Lakini mwandiko wa baba yangu sina hata mstari mmoja.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Hapa kwetu tunasema timbre. Waliokaa Nyarugusu na Lugufu wamerudi wakisema stempu, na nitatumia neno hilo, kwa sababu timbre kwetu ni vitu viwili. Kuna ya posta inayobandikwa kwenye barua, na kuna ya serikali inayobandikwa kwenye hati ya kiwanja, kwenye cheti au kwenye karatasi ya mahakama, kuonyesha kwamba malipo yamefanyika. Hiyo ya pili msiiguse kabisa, hata ikiwa ya mwaka 1955 na mtu akikupa dola. Ukiibandua, umeiharibu hati, na hati ya kiwanja ina thamani kuliko stempu zote za kopo lile.

Sasa stempu za posta. Unaanza kwa kusoma jina la nchi. Nchi yetu imebadili jina mara nyingi, na kila jina limeacha stempu zake. Za kwanza kabisa zilitoka mwaka 1886, zikiwa na kichwa cha mfalme Leopold II. Ukiona maneno État Indépendant du Congo, kwa urefu au kwa kifupi, ni za wakati nchi ilipokuwa mali ya mfalme huyo mwenyewe, kabla Ubelgiji haijaichukua tarehe 15 Novemba 1908. Stempu zilizobaki wakati huo hawakuzitupa. Walizipiga chapa juu yake, Congo Belge, na baadaye wakachapa mpya zenye lugha mbili, Kifaransa na Kiflemi: Congo Belge, Belgisch Congo. Hayo maneno mawili ndiyo mtakayoyakuta kwenye makopo mengi ya huku kwetu, mpaka uhuru wa tarehe 30 Juni 1960.

Baada ya uhuru ilikuwa République du Congo, kisha République Démocratique du Congo kuanzia 1964, kisha Zaïre kuanzia 1971, na tangu 1997 tena RDC. Hapo kuna mtego mmoja. Wenzetu wa Brazzaville nao wanaitwa Congo. Ukikuta stempu nzuri yenye maneno République Populaire du Congo, hiyo ni ya Brazzaville, ya miaka ya 1970 na 1980. Najua wazee watasema kwamba serikali ya waasi ya Stanleyville mwaka 1964 ilijiita jina hilohilo. Ni kweli, lakini hizo stempu zenye picha za rangi mnazoziona ni za ng'ambo ya mto.

Pesa iliyoandikwa pembeni nayo inakuambia umri. Sentimu na franka ni za wakati wa Wabelgiji na miaka ya kwanza ya uhuru. Mwaka 1967 ikaja zaire, yenye makuta 100, na zaire moja ilibadilishwa kwa franka 1,000. Kwa hiyo kuna stempu za franka zilizopigwa juu yake herufi K na bei mpya, kwa sababu posta haikutaka kutupa karatasi nzuri. Nasi tuliokuwa tayari wakubwa miaka ya 1990 tunakumbuka jinsi pesa ilivyokimbia: mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Stempu zilijaribu kuifukuza pesa hiyo. Utakuta stempu ndogo ya zamani yenye namba kubwa nyeusi juu ya picha, sufuri zinafuatana. Binti yangu alidhani ni stempu ya tajiri. Nilimwambia hapana, ni stempu ya mkate mmoja.

Katika kopo la yule mama, zaidi ya nusu zilikuwa stempu za maua. Nafikiri mmeziona: ua moja katikati, rangi safi, jina la ua kwa herufi ndogo, na Congo Belge. Zilianza kutoka mwaka 1952. Kabla yake, kuanzia 1947, zilikuwapo za sanamu na vinyago, na mwaka 1959 zikaja za wanyama. Ni nzuri, nami nazipenda kuliko zote, lakini lazima niseme ukweli: zilichapwa kwa wingi sana. Wakusanyaji wa Ulaya wanazo kwa mafungu. Ua moja lililokatwa, lililochafuka, halina thamani ya kumnyima mtu usingizi. Kwa hayo maua yaliyokwisha kukatwa, franka 500 za yule kijana zilikuwa bei ya haki, pengine hata ya ukarimu. Tusiwaite watu wezi kabla ya kuhesabu.

Lakini ua hilohilo likiwa bado kwenye bahasha, na juu yake mhuri wa posta, au kashe kama tunavyosema, basi mambo yanabadilika. Hapa nataka tukae kidogo.

Mhuri wa posta ni duara lenye jina la mahali na tarehe. Mfanyakazi wa posta aliupiga nusu juu ya stempu, nusu juu ya karatasi, ili stempu isitumike mara ya pili. Ukikata stempu kwa mkasi, unakata na duara. Jina linabaki nusu, tarehe inabaki nusu, na hakuna mtu anayeweza kusoma tena barua ilitoka wapi na lini. Wakusanyaji wengi, hasa wa Ubelgiji, hawakusanyi picha za maua. Wanakusanya mihuri ya mahali. Wanataka kuona posta ngapi zilikuwapo Kongo, kila moja ilitumia mhuri gani, na barua ilipita njia ipi.

Miji mikubwa ilipiga mihuri maelfu kwa maelfu: Léopoldville ambayo ni Kinshasa, Élisabethville ambayo ni Lubumbashi, Stanleyville ambayo ni Kisangani. Hiyo haiwashangazi. Costermansville, yaani Bukavu ya kabla ya miaka ya 1950, si ya ajabu sana, lakini inapendwa. Wanachokitafuta ni posta ndogo: ya makao makuu ya teritwari, ya kituo cha machimbo, ya bandari ndogo ya ziwa, mahali palipotoka barua chache kwa wiki. Yaani sehemu kama zetu. Bahasha ya maua ya kawaida yenye mhuri wa posta ndogo iliyosomeka vizuri inaweza kupita thamani ya stempu ya zamani iliyo peke yake. Geuzeni na upande wa nyuma. Barua, hasa zile za rekomande, mara nyingi zilipigwa mhuri mwingine zilipopita njiani na zilipofika. Barua moja ya baba mkwe yule ilikuwa na mihuri mitatu. Niliihesabu mara mbili kwa furaha.

Kuna na barua kutoka nje. Familia nyingi za hapa zilikuwa na ndugu Usumbura, ndiyo Bujumbura. Stempu za huko ziliandikwa Ruanda-Urundi, na baadhi zilikuwa na picha zilezile za vinyago na za maua kama zetu, kwa hiyo someni jina, msitazame picha tu. Baada ya uhuru wao mwaka 1962, stempu za Ruanda-Urundi zilipigwa chapa Royaume du Burundi. Na waliokuwa na watu Kigoma watakuta Tanganyika, au Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja kwenye stempu moja yenye kichwa cha mfalme au malkia wa Uingereza.

Kigoma inanikumbusha stempu ambayo mwalimu wetu aliitunza kwenye kitabu chake cha Biblia. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, askari wa Kongo chini ya maofisa Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani Kigoma na Tabora. Wabelgiji walikaa upande ule wa ziwa mpaka 1921. Kwa posta ya huko walichukua stempu za Congo Belge wakazipiga chapa ndefu kwa lugha mbili, ya Kifaransa ikisema Est Africain Allemand, Occupation Belge, yaani Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, chini ya Wabelgiji. Fikirini: stempu ya Kongo iliyotumika Kigoma na Ujiji, ng'ambo ya maji haya tunayochota. Babu za watu wa hapa walibeba mizigo ya vita hivyo. Ikiwa peke yake si ya bei kubwa, kwa maana nyingi ziliuzwa kwa wakusanyaji bila kutumwa kwenye barua. Ikiwa kwenye bahasha iliyosafiri kweli, na mhuri unaosomeka, hiyo msimpe mtu anayepita njiani.

Kabla ya chapa hiyo ndefu, mwaka uleule wa 1916, kulikuwa na nyingine yenye neno moja tu, Ruanda, au Urundi. Hizo za kweli ni adimu sana. Na kwa kuwa ni adimu, za uongo ni nyingi. Hili ndilo tatizo la chapa zote za juu: mtu mwenye wino na herufi za chuma anaweza kuchukua stempu ya bei ndogo akaigeuza ya bei kubwa nyumbani kwake. Vivyo hivyo chapa Katanga ya mwaka 1960, wakati Tshombe alipojitenga, vivyo hivyo chapa Congo iliyopigwa juu ya maua baada ya uhuru, ambazo baadhi zilitoka kichwa chini. Ukikuta kichwa chini, furahi kidogo, usifurahi sana, mpaka mtu mwenye ujuzi ameitazama kwa lenzi. Kuna kosa jingine linalotafutwa, kwenye stempu za rangi mbili zilizoanza mwaka 1894, zenye bandari ya Matadi, maporomoko na mambo mengine ya nchi. Fremu ilichapwa kwa rangi yake, picha kwa nyeusi, na mara chache karatasi ilipita imegeuzwa, picha ikasimama miguu juu. Mimi sijawahi kuishika. Nawaambia tu ili mkiiona msidhani imeharibika.

Bei je? Kuna vitabu vinavyoitwa katalogi. Wafaransa wana Yvert et Tellier, Wajerumani Michel, Waingereza Stanley Gibbons, Wamarekani Scott, na Wabelgiji wana yao inayoitwa COB, ambayo inatufaa zaidi kwa sababu ina Kongo, Katanga, Kasai ya Kusini na Ruanda-Urundi. Lakini bei ya katalogi ni bei ya duka, kwa stempu isiyo na kasoro. Ni kama ndagala: bei ya soko la Bukavu si bei anayopewa mvuvi ufukweni. Anayenunua kwako atakupa sehemu tu, mara nyingi chini ya nusu, kwa stempu za kawaida hata chini zaidi. Na ikiwa stempu imepasuka, meno yake ya pembeni yamekatika, au nyuma yake karatasi imechubuka, bei inaanguka. Akija mtu na simu akikuonyesha namba kubwa, muulize ni bei ya kuuza au ya kununua. Akidai umlipe kwanza ili "akupimie", mwonyeshe mlango kwa heshima.

Msidhani kwamba dunia ya stempu ina akili kila siku. Kuna nchi ndogo kwenye milima ya Himalaya, Bhutan, ambayo ilianza kutoa stempu za kimataifa mwaka 1962 ili ipate pesa za kigeni. Ilitoa stempu za karatasi ya chuma, stempu ambazo picha yake inaonekana imesimama nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 stempu ambazo ni sahani ndogo za santuri: unaiweka kwenye gramofoni inaimba wimbo wa taifa. Wakusanyaji wazito walizicheka, wakasema hizo ni za watalii, si za barua. Leo zile santuri ndogo zinatafutwa na kununuliwa kwa pesa nzuri kuliko stempu nyingi za heshima. Kwa hiyo hata za Zaïre zenye sufuri nyingi, ambazo leo hazina bei, wekeni mahali pakavu. Ila stempu mpya zenye wachezaji wa mpira na waigizaji wa sinema wa Marekani na jina la nchi yetu pembeni, nyingi zimechapwa mbali na watu ambao posta yetu haiwajui. Umoja wa Posta Duniani umetoa maonyo mara nyingi juu ya stempu haramu zenye majina ya nchi za Afrika. Hizo hata barua ya kwenda Uvira hazitumi.

Sasa nirudi kwenye kopo.

Jumamosi iliyofuata tulikaa wamama sita chini ya mwembe, bibi mwenyewe akiwa katikati kwenye kiti. Tulifungua daftari, tukaipa kila bahasha namba, tukaandika jina la posta, tarehe, na stempu ngapi. Wawili wakatia sahihi kama mashahidi. Kisha bibi akasema, "Mnahesabu tu? Someni." Basi tukasoma. Nyingine zilikuwa za salamu na homa na bei ya chumvi. Nyingine tulizisoma kwa sauti ndogo, bibi akicheka akajifunika uso, nasi tukazikunja upesi.

Ya namba 27 ilikuwa ya mwaka 1958. Mzee alimwandikia mkewe kwamba amemaliza kulipa shamba lililo karibu na mto, akataja majirani wa pande zote nne kwa majina yao, na mti wa mpaka. Mjue kwamba familia hii, tangu irudi kutoka Tanzania, ina mgogoro juu ya shamba hilohilo. Waliobaki wanasema hao waliorudi hawana alama. Hati iliungua nyumba ilipoungua. Mkwe alikuwa amekaa na barua hiyo ndani ya kopo chini ya kitanda, na hakujua.

Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu mtu anaweza kusema, "Umeiandika jana." Mhuri wa posta wa Albertville huwezi kuuandika jana. Lakini bahasha ya namba 27 ilikuwa miongoni mwa zilizokatwa. Palipokuwa na stempu palikuwa na tundu la mraba, na kando yake mkia wa duara tu.

Tukawaita watoto. Hatukuwagombeza, nani angewagombeza kwa amri ya mtu mzima? Tukawapa vile vipande 12 na bahasha zenye matundu, tukasema waziunganishe kama wanavyounganisha vipande vya picha shuleni. Mkasi wa mtoto haukati sawa, unapinda, na huo upotofu ndio ulitusaidia. Kufikia jioni walikuwa wamerudisha 11 mahali pake. Ya namba 27 ilikuwamo: duara likakutana na mkia wake, 14, mwezi wa tano, 58. Hatukuibandika kwa gundi wala kwa scotch, kwa sababu scotch inageuka njano na kula karatasi. Tuliiweka ndani ya karatasi safi iliyokunjwa, na bahasha na barua pamoja. Mkwe ameshapiga picha na kumwonyesha mmoja wa wazee wanaosikiliza mambo ya mashamba. Amekubali kuileta mbele ya pande zote mbili. Hatujui watasemaje.

Kijana wa timbre alirudi Jumatatu. Mama alimuuzia stempu 9 za Zaïre ambazo zilikuwa peke yake chini ya kopo, bila bahasha, kwa franka 4,500, wakashukuriana. Bahasha nne zenye mihuri ya posta ndogo tumezipiga picha mbele na nyuma, mchana, nje ya jua kali, na rula kando yake, na picha zimekwenda kwa ndugu aliye Ubelgiji awaonyeshe wakusanyaji watatu tofauti. Bahasha zenyewe hazisafiri mpaka bei ikubaliwe. Nyingine zimetolewa kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu wa ziwa ukiingia humo hautoki, na kila moja imevikwa karatasi kavu. Kopo limerudi kwa bibi.

Kipande cha 12 bado tunakitafuta. Mtoto mdogo anasema alikibandika kwenye daftari la rafiki yake.

Jumamosi ijayo, saa nane, baada ya likelemba, tutakaa tena chini ya mwembe. Mwenye barua za zamani azilete kama zilivyo, hata zilizoliwa na mchwa. Kalamu na daftari vipo. Mikasi muiache nyumbani.